Saa Iliyofutwa na Saa Iliyoazimwa

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu katika shule ya upili ya kutwa viungani mwa Kisumu, na ndimi mlezi wa chama cha utamaduni. Wengi wa wanafunzi wangu hawajawahi kuvuka hata mpaka wa Busia, kwa hiyo huwaonyesha picha na filamu za mataifa ya mbali. Juzi mmoja wao aliniuliza tutajuaje kwamba watu hao huishi hivyo kweli, nikakosa la kumjibu. Naomba msaada.

JIBU: Mwalimu, mpongeze mwanafunzi huyo, kisha umwonyeshe picha iliyopigwa mwaka 1910 na Mmarekani Edward Curtis. Wanaume wawili wa jamii ya Wapiegan, baba na mwanawe, wameketi ndani ya hema, na katikati yao pana saa ya kengele. Curtis, ambaye juzuu zake 20 kuhusu wenyeji asilia wa Amerika Kaskazini zilitoka kati ya 1907 na 1930, aliifuta saa hiyo katika picha aliyochapisha, kwa kuwa ilipingana na maisha ya kale aliyotaka wasomaji wayaone. Picha ya awali ingalipo, na saa imo. Wanafunzi wakizitazama zote mbili kwa utulivu, watatambua kwamba wenye saa waliishi wakati uleule na mwenye kamera.

Baada ya hapo wahamishie Bamako, mji mkuu wa Mali, ambako mpiga picha Seydou Keïta alifungua studio yake mwaka 1948. Alitandaza kitambaa cha maua nyuma ya mteja, akawa na saa za mkono, redio na hata pikipiki za kuazima, na mteja akachagua mwenyewe atakavyoonekana. Ninayo picha ya nyanya yangu iliyopigwa katika studio ya aina hiyo hapa Kisumu: mkono wa kushoto ameuinua kidogo, vidole vimekaza, ili saa ionekane. Saa ilikuwa ya mwenye studio. Hata hivyo, siioni kuwa uongo, kwani hamu ya mwanamke yule ya kuhesabiwa miongoni mwa watu wa wakati wake ilikuwa kweli tupu, na hamu hiyo ni sehemu ya utamaduni sawa na ngoma na mavazi.

Kwa hiyo swali la kuuliza mbele ya kila picha ni nani aliyeamua mtu huyu aonekane hivi. Kwa filamu vilevile, pendelea zilizotengenezwa na wenyeji wenyewe. Mjapani Yasujirō Ozu aliweka kamera chini, karibu na kimo cha mtu aliyeketi mkekani, na mtazamaji hujikuta ameketi pamoja na wenye nyumba.

Lakini kabla ya filamu nyingine yoyote, wapeleke Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980. Humo limejengwa boma la Kijaluo lenye nyumba za wake watatu na ya mwana wa kwanza. Wanafunzi waliolelewa katika maboma ya Kijaluo waandike kila wanachokijua kutoka kwao ambacho hapo hakimo, na wenzao wa Kiluhya na Kikisii wawahoji kwa nini waliolijenga walikiacha.