Jibu: Majibu ya mama hayalingani na ninachokiona kwa mtoto

Habari yako ndugu, na pole. Umesema dodoso ulilowajazisha akina mama halilingani na unachokiona kwa watoto wao, na msimamizi wa utafiti wako amekurudishia sura ya tatu, ile ya mbinu za utafiti. Kabla hujagusa maswali, angalia kwanza: mchana mtoto anashinda na nani?

Nami nilikwama hapohapo. Mama mmoja aliniambia mwanawe haogopi wageni. Nilipofika saa nne asubuhi mtoto alikuwa mgongoni kwa bibi yake, na aliponiona tu akaushika upindo wa kanga ya bibi, akakataa kuuachia. Dodoso langu halikuwa na bibi kabisa.

Ongeza walezi wote, hadi dada wa kazi, na saa za kila mmoja. Kisha nenda ukakae nao nyumbani, utazame mwenyewe. Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliyechunguza jinsi watoto wachanga wanavyoshikamana na walezi wao, alifanya hivyo Uganda mwaka 1954 na 1955, familia 26, akizirudia kila baada ya wiki mbili hivi. Wewe huna muda huo, lakini ziara tatu kwa kaya zitakufaa. Ya kwanza usiihesabu, watu huwa wamejipanga kwa ajili ya mgeni.

Watoto walioanza shule sijawahi kuwafuatilia, hapo aliyewafuatilia akusaidie.