Maswali Yenu Kuhusu Kioo: Mchanga Upo, Magadi na Moto Je?

Barua za safari hii zote zinahusu kioo, kuanzia mchanga wa ziwani hadi mlango wa dukani. Tumezijibu kwa urefu unaolingana na uzito wa kila jambo.

Wahariri, sisi ni kikundi cha vijana. Tunasikia mchanga mweupe wa Diimu na Bukakata ni wa kutengenezea kioo. Je, tunaweza kuuyeyusha kwa makaa tukatengeneza bilauri za kuuza?
*Vijana wa Masaka*

Ndugu zetu, mchanga mnao na ni mzuri. Wanajiolojia wanaujua kwa weupe wake, na haulingani na ule wa Lwera unaobebwa kwa malori kwenda kujengea Kampala. Lakini katika kazi hii mchanga ndio sehemu rahisi. Silika tupu, yaani madini yanayounda mchanga huo, huyeyuka kwenye nyuzi 1,710 hivi za Selsiasi, joto ambalo matofali mengi ya tanuri hayalihimili. Kwa sababu hiyo mchanga huchanganywa na magadi, yaani sodiamu kaboneti, ili uyeyuke mapema zaidi. Magadi nayo yana kasoro yake: kioo cha mchanga na magadi peke yake huyeyuka ndani ya maji. Chokaa ndiyo inayokifanya kistahimili maji.

Hesabu ya kioo cha kawaida cha chupa ni takriban hii: kilo 72 za mchanga, kilo 24 za magadi safi na kilo 18 za mawe ya chokaa yaliyosagwa. Jumla ni kilo 114, ila kioo kitakachotoka ni kilo 96 hivi. Kilo 18 zinazopungua ni kaboni dayoksaidi inayotoka kwenye magadi na chokaa, na gesi hiyohiyo ndiyo inayojaza mapovu katika uji wa kioo. Viwandani uji huachwa kwa saa nyingi kwenye nyuzi 1,500 hivi ili mapovu yapande na kutoka. Ukiharakisha, bilauri inatoka na vipovu kama maji ya soda.

Chokaa ipo Tororo na ipo Hima. Magadi yaliyo karibu ni ya Ziwa Magadi, Kenya, ambayo huchomwa kwanza kiwandani. Yale ya sokoni ya kulainishia maharagwe yana bikaboneti, chumvi na uchafu, kwa hiyo msiyapime kilo kwa kilo mkidhani ni kitu kimoja.

Mchanga wenyewe una masharti mawili. La kwanza ni chuma. Kwa chupa nyeupe, oksaidi ya chuma isizidi asilimia 0.03 hivi, ikizidi, kioo kinageuka kijani. La pili ni ukubwa wa punje: kati ya milimita 0.1 na 0.5. Punje kubwa hubaki kama vijiwe ndani ya kioo, na vumbi jembamba hupeperushwa na moshi na kuziba njia za tanuri. Pelekeni sampuli kwa idara ya jiolojia na madini iliyoko Entebbe kabla ya kununua hata gunia la magadi, na mkumbuke kwamba kuchimba kunahitaji leseni.

Sasa makaa. Ukiwa na kipulizio kizuri unaweza kufika nyuzi 1,200 kwenye tanuri dogo. Kukaa kwenye nyuzi 1,500 usiku kucha ni jambo jingine, na ndiko shamba la miti linakoishia. Tanuri la kiwanda huwaka usiku na mchana kwa miaka 10 na zaidi bila kuzimwa, kwa sababu kioo kikigandia ndani hupasua matofali.

Ushauri wetu: acheni mchanga kwa sasa, anzeni na chupa zilizovunjika. Kioo kilichokwisha kutengenezwa hulainika kwa moto mdogo zaidi. Wakrobo wa Ghana wanatengeneza shanga hivi. Chupa huoshwa na kubanduliwa karatasi, zikatwangwa kwenye kinu cha chuma na kuchekechwa. Unga hujazwa kwenye kalibu ya udongo iliyopakwa maji ya kaolini, yaani udongo mweupe, ili kioo kisigande. Katikati ya kila kishimo husimamishwa kikonyo cha jani la muhogo. Kinaungua motoni na kuacha tundu la uzi. Kalibu huingia kwenye tanuri la nyuzi 800 hivi mpaka unga ushikane.

Mambo mawili huharibu kazi hii. Kwanza, kuchanganya unga wa chupa za aina tofauti katika shanga moja: kila kioo hunywea kwa kiasi chake kinapopoa, na shanga hupasuka hata siku kadhaa baadaye. Pili, kupoza haraka. Zikeni kalibu kwenye majivu ya moto zipoe polepole. Anayetwanga avae miwani na barakoa, na anyunyizie maji kidogo ili vumbi lisiruke.

Mwanafunzi wangu amesoma kwamba kioo kiligunduliwa na mabaharia waliopika ufukweni juu ya mawe ya magadi. Ni kweli?
*Mwalimu, Tororo*

Mwalimu, hadithi hiyo iliandikwa na Plinius, Mrumi aliyefariki mwaka 79. Alisema ilitokea kwenye ufuko wa mto Belus, pwani ya Foinike. Tatizo ni moto: jiko la wazi la kupikia halidumu kwenye joto la kuyeyusha mchanga, hata ukiwa na magadi. Isitoshe, watu wa Mesopotamia na Misri walikuwa wakitengeneza vyombo vya kioo tangu mwaka 1500 hivi kabla ya Kristo, na shanga zilitangulia hata hapo. Vyombo vya mwanzo havikupulizwa. Fundi alifinyanga kiini cha udongo na samadi kwenye ncha ya fimbo, akakizungushia kioo cha moto, kisha kilipopoa akakikwangua kiini kutoka ndani. Kupuliza kwa bomba kulianza pwani ya Shamu, yaani upande wa Siria, katika karne ya mwisho kabla ya Kristo, na hapo ndipo bilauri ilipoacha kuwa mali ya wafalme peke yao.

Hata hivyo, hadithi ya Plinius ina ukweli mmoja ambao ungefaa ufundishwe: magadi ndiyo yaliyoamua kioo kitengenezwe wapi. Warumi walichukua yao Wadi Natrun, Misri. Yalipoadimika, mafundi wa bara Ulaya walichoma miti ya msituni wakatumia majivu yake, na kioo chao kikawa cha kijani na hafifu. Venice ilitumia majivu ya mimea ya pwani iliyoagizwa kutoka Shamu. Mwaka 1291 mji huo uliamuru matanuri yahamie kisiwa cha Murano, kwa sababu ya hofu ya moto, na siri za ufundi zikawa rahisi kulindwa. Uingereza ilipiga marufuku kuni kwenye matanuri ya kioo mwaka 1615 ili kuokoa miti ya merikebu, mafundi wakahamia makaa ya mawe. Nicolas Leblanc alipata njia ya kutengeneza magadi kutokana na chumvi mwaka 1791, na Ernest Solvay akapata njia ya nafuu zaidi katika miaka ya 1860. Baada ya hapo dirisha la kioo likaanza kuingia katika nyumba za watu wa kawaida.

Kwa darasa lako, mfano wa karibu ni ushanga. Shanga za kioo za India zilifika Kilwa karne nyingi kabla ya Wareno, na katika karne ya 19 misafara iliyopanda hadi Buganda ilibeba shanga za Venice kama fedha ya njiani.

Mimi ni seremala. Vioo vya madirisha vinanivunjikia ovyo ninapovikata, na hata vikikatika sawa vingine hupasuka vikiwa kwenye fremu. Nakosea wapi?
*Fundi, Jinja*

Fundi, kioo hakikatwi. Kinachanwa juu kisha kinavunjwa kwa kufuata mchoro. Ukilishika hilo mengine yanafuata. Tandika blanketi juu ya meza iliyonyooka, futa kioo kikauke, chovya gurudumu la kisu katika mafuta ya taa. Pima umbali kutoka gurudumu hadi ubavu wa kisu, mara nyingi milimita 2 au 3, usogeze rula kwa kiasi hicho. Anza kwenye ukingo wa mbali, vuta kuja kwako kwa mkandamizo ule ule mpaka ukingo wa pili. Sikiliza: sauti ya mkwaruzo laini ni nzuri, unga mweupe na vipande vinavyoruka vina maana umekandamiza mno.

Usirudie mchoro hata mara moja. Mpito wa pili huharibu gurudumu na kutawanya nyufa pembeni, na hapo ndipo vingi vinavyovunjika ovyo huanzia. Vunja papo hapo, kwa maana ufa mpya ndio ulio hai. Weka njiti ya kiberiti chini ya mchoro, kandamiza pande zote mbili kwa pamoja. Ukanda mwembamba kuliko sentimita 2 ushike kwa koleo.

Kuhusu kupasuka kwenye fremu: inaonekana unakata kipimo kamili cha mbao. Punguza milimita 3 kwa upana na 3 kwa urefu. Mbao hujaa unyevu msimu wa mvua na kukibana kioo. Angalia pia kichwa cha msumari kinachogusa ukingo, maana nukta moja ya chuma inatosha kuanzisha ufa.

Kioo ni kizito kuliko unavyodhani: mita moja ya mraba yenye unene wa milimita 4 ni kilo 10. Viweke vimesimama, vimeegemea kidogo, na karatasi katikati. Maji yakikaa kati ya vioo viwili hufyonza magadi ya kioo na kuacha ukungu mweupe usiofutika.

Bilauri zangu za chai hupasuka kitako. Nyingine ni nene kabisa, sasa mbona nyembamba ndizo zinazodumu?
*Mama wa mgahawa, Mbale*

Mama, unene ndio adui. Kioo hupitisha joto polepole. Chai ikimwagwa, upande wa ndani hutanuka wakati wa nje bado ni baridi, na wa nje huvutwa mpaka upasuke. Kitako ndicho kinene zaidi, nacho mara nyingi kimekaa juu ya saruji yenye maji. Kioo cha kawaida huanza kuwa hatarini tofauti ya joto ikizidi nyuzi 40 hivi kwa ghafla. Suuza bilauri kwa maji ya uvuguvugu, zipange juu ya mbao au kitambaa kikavu, mimina chai kidogo kwanza. Bakuli za Pyrex za asili, zilizoanza kuuzwa Marekani mwaka 1915, zilichanganywa na boroni. Kioo cha namna hiyo hutanuka kama theluthi moja tu ya kioo cha kawaida.

Nakusanya vioo Kisenyi. Kwa nini wanunuzi wanakataa vikombe, vioo vya magari na vifuniko?
*Mkusanyaji, Kampala*

Kiwanda cha chupa kinavipenda vipande kwa sababu kila asilimia 10 ya vipande kwenye mchanganyiko hupunguza nishati kwa asilimia 2.5 hadi 3. Lakini kikombe cha kauri hakiyeyuki. Kinabaki kama jiwe, na chupa hupasukia hapo. Pyrex vilevile inachelewa kuyeyuka. Kioo cha mbele cha gari kina plastiki katikati. Kifuniko cha alumini ni kibaya zaidi: kinanyang'anya silika oksijeni yake na kuacha vitone vigumu vya silikoni ndani ya kioo. Tenga nyeupe, kijani na kahawia tangu mwanzo. Chupa chache za kahawia zikiingia kwenye rundo la nyeupe hushusha bei ya rundo zima.

Mlango wa kioo wa duka ni mrefu kwa sentimita 1. Fundi anakataa kuupunguza. Ananionea?
*Msomaji, Arua*

Hakuonei, ndugu. Kioo hicho kilipashwa moto zaidi ya nyuzi 600, kisha kikapulizwa kwa upepo wa nguvu pande zote mbili. Ngozi yake ya nje imebanwa na tumbo lake limevutika. Kisu kikipenya ngozi, mlango wote humwagika vipande vidogo kama punje za mahindi. Kukata, kutoboa na kusugua pembe hufanywa kabla ya kupashwa moto. Punguza fremu, au agiza kioo kipya, na vipimo vyake vichukuliwe sehemu tatu za upana na tatu za urefu, ukitumia kile kilicho kidogo kuliko vyote.