Kabla Hujabadilisha Laptop, Ipunguzie Volteji

Kaskazi ya mwaka juzi iliniumbua. Watu wa harusi, Majengo, walitaka video yao Ijumaa asubuhi, na laptop yangu ya mtumba, yenye prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel Core i7 ya kizazi cha nane, ilikuwa ikivuma kama mashine ya posho. Joto nyuzi 97. Prosesa ikikaribia 100 hujipunguza mwendo yenyewe isiungue, basi nikakesha nayo.

Fundi wa kwanza alinishauri ninunue nyingine. Wa pili aliifungua, akachomoa kwenye matundu ya feni tabaka la vumbi lililoshikamana kwa unyevu wa huku kwetu pwani, zito kama kipande cha blanketi, kisha akapaka pesti mpya, ile inayopitisha joto kutoka kwenye prosesa. Joto likashuka hadi nyuzi 90. Anzeni hapo, maana hakuna programu inayofagia vumbi.

Kilichobaki ni volteji. Chipu hazitoki kiwandani zikilingana, kwa hiyo hupewa umeme wa akiba ili hata ile dhaifu isiyumbe. Yako huenda haiuhitaji wote. Na faida yake ni kubwa kuliko unavyodhani: punguza volteji kwa asilimia 10, na umeme ambao prosesa inakula kwa kazi ile ile hushuka kwa karibu asilimia 19, bila kupunguza mwendo.

Nilitumia ThrottleStop, programu ya Windows ya kurekebisha volteji ya prosesa. Nilishusha milivolti 50, kori (sehemu zinazofanya kazi) na kashe (kumbukumbu ya ndani ya prosesa) kwa pamoja, kisha kumi kumi, kila hatua nikihariri video halisi kwa saa nzima. Kwenye 110 skrini ikageuka buluu, laptop ikajiwasha upya. Haikuharibika kitu, ila kazi ambayo hujaihifadhi ndiyo imekwenda. Nikarudi milivolti 90, joto likatulia kwenye nyuzi 81. Usiiruhusu programu ijiwashe pamoja na Windows kabla ya wiki nzima ya majaribio, la sivyo mashine itazimika kila ukiiwasha.

Kuna laptop zitakazokukatalia. Desemba 2019 watafiti walitangaza udhaifu walioupa jina Plundervolt: mdukuzi aliyekwisha kuidhibiti mashine angeweza kuchezea volteji akaiba siri zilizofichwa ndani ya prosesa. Intel ikatoa marekebisho, na mashine nyingi zikafungiwa mlango huo kwenye bayosi, programu ya msingi inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows. Ikiwa yako ni hivyo, usirudishe bayosi ya zamani. Nenda kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, weka kikomo cha prosesa asilimia 99. Tabo, yaani mwendo wa ziada ambao prosesa hujiongezea, itazimika, utapoteza mwendo kiasi, lakini joto litashuka sana.

Wanaoniuliza jinsi ya kuipandisha mwendo, prosesa nyingi za laptop zimefungwa hata hivyo. Na Machi hii, paka wa Mji wa Kale wenyewe wamelala kivulini kutwa, wewe unataka kuikimbiza mashine?

Iondoeni pia juu ya godoro. Yangu ina vizibo viwili vya soda chini ya miguu ya nyuma, nimevibandika kwa gundi.