CT imetoka safi, mbona bado anasahau?

Mkuu, umeuliza kama mdogo wako mwenye skizofrenia anajisingizia kusahau, kwa kuwa CT ya kichwa (picha ya eksirei ya ubongo kwa vipande) haikuonyesha kitu. Hajisingizii. CT hutafuta uvimbe, damu iliyovuja, kovu la jeraha. Kumbukumbu haipimwi nayo.

Mabadiliko kwenye ubongo yapo. Mwaka 1976 Eve Johnstone na wenzake, London, walipiga CT wagonjwa waliolazwa miaka mingi. Vyumba vya maji vya ndani ya ubongo vilikuwa vimetanuka, na upanuzi huo uliendana na kushindwa majaribio ya akili. Baadaye MRI (picha za ubongo za sumaku) zikaonyesha hipokampasi, sehemu ya ubongo inayosaidia kuweka kumbukumbu mpya, imepungua. Lakini hiyo ni tofauti ndogo ya wastani wa kundi kwa kundi. Picha ya mgonjwa mmoja mara nyingi haionyeshi chochote kibaya, na ripoti huandikwa "kawaida".

Kinachoathirika sana ni kasi ya ubongo kushughulikia mambo. Ukimwambia "nenda dukani, leta sukari, pitia kwa shangazi, urudi na chenji", agizo la pili linafika la kwanza halijakaa. Mpe moja moja, au mwandikie kwenye karatasi.

Kisha kagua dawa zake, maana hapa ndipo watu wengi hupoteza kumbukumbu inayoweza kurudi. Benzhexol (wengi huiita Artane) hutolewa pamoja na haloperidol, dawa ya skizofrenia, kuzuia kukakamaa na kutetemeka inakoweza kuleta. Inaziba asetilikolini, kemikali ambayo ubongo huitumia kujifunza. Aghalabu huanzishwa kwa muda, kisha hunakiliwa kila kliniki kwa miaka bila mtu kuuliza. Mdomo mkavu, choo kigumu, macho yenye ukungu na mkojo unaokwama ni dalili kwamba mzigo wa kuziba asetilikolini umezidi. Akitumia pia amitriptyline, chlorpromazine au promethazine, mzigo huo unajumlishwa.

Mwulize daktari kama bado anaihitaji. Msiikate wenyewe: hupunguzwa polepole, ikikatwa ghafla kukakamaa kunaweza kurudi. Haloperidol msiipunguze wala kuikata kabisa.

Jambo moja la haraka: upungufu wa kumbukumbu wa skizofrenia huwa umekuwepo tangu ugonjwa unaanza, na hauzidi kwa kasi. Kama usahaulifu unazidi wiki hadi wiki, au anapotea njia ya nyumbani, usisubiri tarehe ya kliniki. Aangaliwe VVU, kaswende, tezi ya shingo, vitamini B12 na kifafa.