Fedha za matibabu India: taslimu au kadi?

SWALI: Shikamoo mama. Mwezi ujao nampeleka baba Chennai, India, kutibiwa moyo. Ukoo umechanga, tumefikisha dola 6,200. Mjomba anataka tubebe zote mkononi, mdogo wangu anasema zote ziingie kwenye kadi. Tufanyeje?
Msomaji, Pasua, Moshi

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza. Usimfuate yeyote kati yao. Mimi nilitoka hapa Arusha kumpeleka mume wangu mji huohuo nikitegemea kadi moja. Siku ya pili ATM ikaikataa. Kumbe benki yangu haikuifungulia matumizi ya nje, na wala sikuambiwa. India wako mbele yetu kwa saa mbili na nusu, kwa hiyo nilianza kupiga simu benki ikiwa bado imefungwa, nimekaa kwenye benchi la hospitali na noti tatu za dola ishirini kwenye pindo la kanga.

Fedha ya hospitali isipite mfukoni kabisa. Ombeni hospitali iwatumie makadirio ya gharama na namba ya akaunti, kisha mlipe kupitia benki kabla hamjaondoka. Itakayobaki, ya chumba na chakula, igawe: nyingine taslimu, nyingine kwenye kadi mbili, yako na ya mdogo wako, kila moja ikiwa imefunguliwa kwa matumizi ya nje. Laini yako ya Tanzania nayo iwekwe roming, maana namba ya uthibitisho ya benki huja kwa ujumbe mfupi.

Mashine itakuuliza: ukatwe kwa shilingi au kwa rupia? Chagua rupia. Ukichagua shilingi, wenye mashine ndio wanaopanga bei ya kubadilishia, na utalipa zaidi. Pale dirisha la dawa kijana alikuwa ameshapeleka kidole kwenye shilingi, nikamshika mkono.

Mjomba akishikilia taslimu, mwambie anayeingia India na noti za zaidi ya dola 5,000 lazima azitangaze forodhani. Na mkipewa chenji ya noti ya rupia 2,000 mtaani msipokee. Benki Kuu yao ilitangaza kuiondoa mwaka 2023.

Risiti zote, hata ya bajaji, zitie kwenye bahasha moja. Waliochanga watataka kusikia hesabu mkirudi, na wana haki hiyo. Namwombea baba nafuu.