Jibu: Mikwaruzo kwenye Rolex ya mzee

Pole kaka. Nimekuelewa: saa ya Rolex uliyoachiwa na mzee imejaa mikwaruzo, na fundi wa pale Mwanjelwa anataka kuipiga mashine ing'ae. Usimpe kwanza.

Kung'arisha hakufuti mkwaruzo, kunakula chuma kilichouzunguka mpaka usawa ulingane. Kona zinakuwa butu kama kipande cha sabuni, na wanunuzi wa saa za zamani huangalia kona hizo mapema sana. Chuma hakirudi.

Vumbi letu la kiangazi lina chembe za mchanga ngumu kuliko chuma cha pua. Ukiifuta kavu kwa shati, unaikwaruza mwenyewe. Tumia kitambaa laini chenye unyevu. Usiizamishe majini, mipira ya ndani inayozuia maji huenda imechoka.

Kitambaa maalumu cha kung'arishia kinafaa mikwaruzo midogo, tena kwenye sehemu za chuma zinazong'aa kama kioo tu. Zile zenye vimistari vya kiwandani zifunike kwa selotepu, la sivyo zitaharibika sura. Kama ni ya dhahabu, acha kabisa, ni laini mno.

Mkwaruzo unaonasa ukucha ni wa fundi aliyeidhinishwa na kampuni, hata ikibidi usafiri. Mwandikie kabisa: asing'arishe bila idhini yako. Wengine hung'arisha kama sehemu ya sevisi. Mimi ningeivaa hivyohivyo.