Mwanangu, andika mahubiri yako

Mwanangu,

Bwana asifiwe. Umeniuliza kama kuandika mahubiri ya Jumapili ijayo ni kutegemea akili zako badala ya nguvu za Mungu, maana rafiki yako amekuambia mtu wa Roho hapandi mimbarini na karatasi, akakupa Mathayo 10:19, "msifikiri-fikiri jinsi mtakavyosema", kuwa ushahidi. Andika.

Rafiki yako ameanzia katikati. Rudi mstari wa 17: Yesu anasema na watu watakaokamatwa na kupelekwa mbele ya mabaraza, maliwali na wafalme. Aliyeburutwa mahakamani hana wiki nzima ya kujiandaa. Wewe unayo.

Jibu lako liko 1 Wakorintho 2. Paulo alikaa Korintho mwaka 1 na miezi 6, akishona mahema, na mwanzoni kila sabato akihojiana na watu katika sinagogi. Hoja alikuwa nazo na Maandiko aliyajua. Alichokikataa ni usemi wa kutafutia sifa, na alipoandika barua hii waumini wa mji ule walikuwa wameshaanza kugawana wahubiri: huyu wa Paulo, yule wa Apolo. Soma mstari wa 5 polepole: imani yenu isiwe katika hekima ya wanadamu, bali katika nguvu za Mungu. Shida yake ni imani ya msikilizaji itasimama juu ya nini. Mtu aweza kupanda bila karatasi, akapiga kelele kwenye maikrofoni, akadai "Amina!" kila sentensi, na watu wakarudi nyumbani wakimsifu yeye. Hiyo nayo ni hekima ya wanadamu, ila ina jasho zaidi.

Jumatatu na Jumanne usitafute mfano wala kichekesho. Soma 1:18 hadi 2:5 kwa sauti mara 5, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na uombe kabla ya kila mara. Jumatano andika sentensi moja, isizidi maneno 15, ya kusema Mungu amefanya nini msalabani. Ikitoka sentensi ya kuwaambia watu wajitahidi, anza upya. Mahubiri mengi huharibika hapo, kabla hata ya mifano kuingia.

Sasa mkalimani. Hapo Mbarara utasema Kiingereza na mwenzako atageuza kwa Kinyankole, kwa hiyo ukipewa dakika 30, zako ni 15. Kurasa 2 za mkono zatosha. Michezo ya maneno itakufia hapo hapo: mkalimani atasita, atatafuta neno, watu watacheka kwa adabu tu. Lakini "Kristo alikufa kwa ajili ya dhambi zetu" huvuka bila kupungua. Kwangu mimi mkalimani ni chujio zuri kuliko mwalimu yeyote wa mahubiri. Mpe mistari yako na ile sentensi moja tangu Jumamosi, na siku yenyewe sema wazo moja, unyamaze, umwache amalize.

Na huyo rafiki mkumbushe kwamba Wakristo wa kwanza wa Buganda waliitwa abasomi, yaani wasomaji, na Kiswahili ni lugha mojawapo waliyoanza kusomea Maandiko. Vijana waliochomwa moto Namugongo kwa ajili ya imani yao tarehe 3 Juni 1886 walitoka katika kundi hilo. Kusoma hakukuwapunguzia Roho.

Ukitetemeka, tetemeka. Paulo naye aliingia Korintho na hofu (2:3). Usiwaombe watu radhi kwa ajili hiyo, maana dakika 2 zitapotea mkizungumza habari zako.

Ibada ikiisha usimuulize mtu, "Nilihubirije?" Muulize, "Andiko lilisema nini?" Akikutajia mfano wako bila Kristo, mfano huo uufute kabla hujahubiri tena.

Ijumaa jioni piga picha karatasi unitumie kwa WhatsApp. Najua utakuwa umeweka utangulizi mrefu.

Baba yako